Agner Erlang: Mwalimu aliyekadiria msongamano wa simu kabla seva hazijazuka

JINA la Agner Krarup Erlang hutamkwa kila uchao na watu wengi wasiojua kwamba lilikuwa jina la mtu.

Mhandisi wa mitambo ya simu anapoeleza mzigo unaobebwa na laini zake husema ni erlang tano au erlang hamsini, jinsi mwenye duka asemavyo kilo au lita. Mtaalamu wa tarakilishi naye huenda akakuambia kuwa ameiandika programu yake kwa Erlang, akimaanisha lugha ya tarakilishi.

Mwenye jina alifariki mnamo 1929, tarakilishi za kielektroniki zikiwa bado hazijaundwa. Hata hivyo, kampuni za leo zinazoendesha ulimwengu wa kubuni mtandaoni, ambamo maelfu ya wachezaji hukutana bila kutoka majumbani mwao, zingali zinahangaika na swali alilokabidhiwa bwana huyo jijini Copenhagen, Denmark, mnamo 1908. Kampuni hizo hutuma wachezaji bandia, yaani programu zinazojifanya watu, wauvamie ulimwengu huo kwa wingi kabla haujafunguliwa ili ibainike seva zitalemewa wapi.

Swali lenyewe halina makuu. Ikiwa njia ni chache, na wanaotaka kupita hawatoi taarifa mapema, ni wangapi watakaofungiwa mlango?

Erlang alizaliwa Januari 1, 1878 katika kijiji cha Lønborg, karibu na mji wa Tarm, kwenye rasi ya Jutland magharibi mwa Denmark. Babake, Hans Nielsen Erlang, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji na karani wa parokia. Mamake, Magdalene Krarup, alitoka katika ukoo wa viongozi wa kanisa ambao miongoni mwa wahenga wake alikuwepo Thomas Fincke, mwanahisabati wa karne ya 16 na 17.

Alikuwa na kaka mkubwa, Frederik, na dada wadogo wawili, Marie na Ingeborg. Jioni Frederik alipokuwa akisoma kitabu, Agner aliketi upande wa pili wa meza na kukisoma kitabu hicho hicho kikiwa kichwa chini miguu juu kwa upande wake, wala hilo halikumtatiza. Alipenda sana elimu ya falaki, na katika ujana wake alitunga hata mashairi kuhusu nyota na sayari.

Akiwa na umri wa miaka 14 pekee alikwenda Copenhagen kufanya mtihani ambao kwa kawaida haukuruhusiwa kwa watoto wa umri wake. Alipewa idhini maalumu, akafanya, akapita kwa alama za juu. Kisha alirejea nyumbani na kwa miaka miwili akawa mwalimu msaidizi katika shule ya babake, huku akijifunza Kifaransa na Kilatini.

Familia hiyo haikuwa na mali. Ni ufadhili wa masomo uliomwezesha kujiunga na Chuo Kikuu cha Copenhagen mnamo 1896. Alihitimu shahada ya uzamili mnamo 1901, somo lake kuu likiwa hisabati, pamoja na falaki, fizikia na kemia.

Baada ya hapo alishika chaki. Kwa miaka saba alifundisha katika shule mbalimbali, na kila mwenye kumtazama angedhani maisha yake yangeishia darasani kama ya babake. Lakini hakuiacha hisabati ya juu. Mnamo 1904 aliwasilisha jibu la swali la shindano lililotolewa na chuo kikuu, kuhusu kazi za mwanahisabati Mholanzi Christiaan Huygens, na jibu lake likatambuliwa rasmi kwa ubora wake.

Vilevile alihudhuria mikutano ya chama cha wanahisabati wa Denmark. Huko ndiko alikokutana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, mtu aliyeifanya hisabati kama kitu cha kujiburudisha tu lakini ambaye jina lake lingali katika vitabu vya somo hilo hadi leo. Jensen alimtambulisha kwa mkurugenzi wa kampuni, Fritz Johannsen, na mnamo 1908 mwalimu Erlang akawa mwajiriwa wa kampuni ya simu.

Ni vyema msomaji akumbuke hali ya simu ilivyokuwa enzi hizo. Aliyetaka kuzungumza na mwenzake aliinua mkono wa simu na kumsubiri mhudumu katika kituo cha kuunganishia simu, kwa kawaida mwanamke aliyeketi mbele ya ubao wenye mamia ya matundu. Mhudumu aliuliza nambari, akachomeka waya katika tundu husika, na mazungumzo yakaanza. Wahudumu wote wakiwa na shughuli, mteja alisubiri. Laini zote kati ya kituo kimoja na kingine zikiwa na watu, mteja aliambiwa hakuna njia.

Kwa kampuni, kila laini ilimaanisha shaba iliyonunuliwa na mitaro iliyochimbwa. Laini zikizidi, gharama ilimwangukia mwenye simu kwa njia ya ada. Zikipungua, mtu aliyemtafuta daktari usiku angeweza kukosa njia. Hapakuwa na namna ya kujaribu mapema. Kampuni ilijenga, ikafungua, kisha ikasubiri malalamiko, kwa hivyo mtihani wa kwanza wa mitambo ulifanyiwa wateja wenyewe.

Johannsen alikuwa ameshaanza kulitafakari jambo hili na mnamo 1907 aliandika makala kuhusu muda wa kusubiri na idadi ya simu. Aliona kwamba wastani pekee haumtoshi mpangaji, ila hakuwa na hisabati ya kulimaliza tatizo hilo. Erlang alikuwa nayo.

Makala yake ya kwanza kuhusu suala hili, iliyotoka mnamo 1909, ilihusu nadharia ya uwezekano na mazungumzo ya simu. Alionyesha kwamba watu wakipiga simu kila mmoja kwa hiari yake, bila kujua wenzake wanafanya nini, idadi ya simu zinazoingia katika kipindi fulani hufuata mgawanyo uliokuwa umeelezwa na Mfaransa Siméon Denis Poisson katika karne ya 19. Hakuna awezaye kujua ni nani atakayepiga saa nne na dakika saba, lakini vurugu ya watu wengi wasiojuana ina utaratibu wake, na utaratibu huo huhesabika.

Kazi iliyompa sifa kubwa zaidi ilichapishwa mnamo 1917, wakati vituo vinavyojiendesha bila wahudumu vilipokuwa vimeanza kuenea. Humo alitoa fomula mbili. Moja huonyesha sehemu ya simu zitakazokataliwa iwapo anayekuta laini zimejaa huondolewa mara moja. Ya pili huonyesha uwezekano wa mteja kulazimika kusubiri iwapo anaruhusiwa kupanga foleni.

Tuchukue mfano wa fomula ya kwanza, kwa kuwa ndani yake kuna jambo ambalo wengi hulikadiria vibaya. Tuseme watu wa mji mdogo hupiga simu 100 kwa saa, na kila simu huchukua wastani wa dakika tatu. Hizo ni dakika 300 za mazungumzo katika saa yenye dakika 60, yaani, kwa wastani, simu tano huwa hewani kwa wakati mmoja. Mzigo huo ndio unaoitwa leo erlang tano.

Mtu asiyejua atasema: basi laini tano zinatosha. Fomula inasema hapana. Kwa laini tano, simu 28 kati ya kila 100 zitakataliwa, kwa sababu watu hawapangi zamu. Mara wanajaa wote kwa pamoja, mara laini zinakaa tupu, na dakika iliyopita tupu haiwezi kuwekwa akiba. Kwa laini 10, zinazokataliwa ni chini ya mbili katika 100. Kwa laini 11, ni chini ya moja.

Kuna la kushangaza zaidi. Miji miwili ya namna hiyo, kila mmoja ukijitegemea, itahitaji laini 22 kwa jumla ili isipoteze zaidi ya simu moja katika 100. Ikiunganishwa itumie laini za pamoja, 18 zinatosha. Huu ndio msingi wa kujenga mitambo mikubwa badala ya midogo mingi iliyotawanyika, na ni hoja itakayomvutia mtu yeyote anayesimamia seva leo.

Habari zilienea haraka kuliko ilivyotarajiwa kwa maandishi ya Kidenmark. Idara ya Posta ya Uingereza, ambayo wakati huo ndiyo iliyosimamia simu nchini humo, iliikubali fomula yake kuwa msingi wa kukadiria laini. Husimuliwa pia kwamba mtafiti mmoja wa maabara za Bell nchini Marekani alijifunza Kidenmark ili aweze kumsoma Erlang katika lugha yake mwenyewe.

Mwenyewe hakujifungia ofisini. Alikabidhiwa maabara ya kampuni, na miongoni mwa shughuli zake za awali ilikuwa kupima mikondo ya umeme inayotoroka na kupita ardhini. Kwa kuwa mwanzoni hakuwa na wasaidizi wa kutosha, wakazi wa Copenhagen walimwona barabarani akifuatana na kibarua aliyebeba ngazi, ambayo Erlang aliitumia kuteremka mashimoni kulikopita nyaya. Kadhalika alitengeneza majedwali ya logarithimu na kubuni kifaa cha kupimia umeme wa simu.

Maandishi yake yalikuwa mafupi mno, na pengine huo ndio upungufu wake. Aliandika matokeo na kuacha hatua nyingi za uthibitisho nje, kana kwamba kila msomaji angezijaza mwenyewe. Wanahisabati waliomfuata walitumia miaka mingi kuthibitisha kwa ukamilifu mambo ambayo yeye aliyapitia kwa aya chache.

Fomula yake ya 1917, hata hivyo, imejengwa juu ya masharti mawili ambayo si ya simu tu, na hapa ndipo wasimamizi wa ulimwengu wa mtandaoni wanapopaswa kuwa makini.

Sharti la kwanza ni kwamba kila mtu huja kivyake. Kwa simu za siku ya kawaida hilo ni kweli kiasi cha kutosha. Katika michezo ya mtandaoni si kweli hata kidogo siku ambapo jambo kubwa limetangazwa. Mnamo Januari 2006, katika mchezo wa World of Warcraft, wachezaji walifurika mahali pamoja kushuhudia kufunguliwa kwa malango ya Ahn'Qiraj, na seva zikazidiwa. Nguvu ya mitambo ingeweza kuwatosha watu hao lau wangetawanyika, lakini hawakutawanyika.

Tena mazungumzo ya watu wawili kwenye simu hayamwongezei mzigo jirani yao. Ulimwenguni humo kila mmoja humwona kila aliye karibu naye. Wakiwa 10, seva ina jozi 90 za nani aelezwe habari za nani. Wakiwa 100 ni jozi 9,900. Wakiwa 1,000 ni 999,000. Watu wameongezeka mara 100, kazi imeongezeka zaidi ya mara 10,000.

Ndiyo sababu wachezaji bandia waliotawanywa huku na kule na kusimama tu huleta majibu ya uongo. Mtihani hupita, kisha siku ya ufunguzi kila mtu hukimbilia uwanja mmoja. Katika vita vya B-R5RB vya Januari 2014 ndani ya mchezo wa EVE Online, unaoendeshwa na kampuni ya CCP ya Iceland, zaidi ya marubani 2,000 walikuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na mitambo ililazimika kuupunguza mwendo wa saa ya mchezo hadi asilimia 10 ili isianguke. CCP hutumia wachezaji bandia katika majaribio yake, lakini vilevile imekuwa ikiwaalika wachezaji halisi waje kwa wingi katika seva ya majaribio, kwani binadamu hufanya mambo ambayo mwandishi wa programu hakuyawaza.

Sharti la pili ni kwamba aliyekataliwa huenda zake. Sote tunajua kwamba haendi. Hubonyeza tena, na tena. Mchezo wa Diablo III ulipozinduliwa Mei 2012, wachezaji waliozuiwa mlangoni waliendelea kujaribu kuingia, na kila jaribio likawa mzigo mpya juu ya mzigo uliokuwepo. Mchezaji bandia anayeondoka kwa adabu baada ya kukataliwa mara moja hamfanani mtu yeyote.

Si haki kumlaumu Erlang kwa hayo. Aliyaandika masharti yake waziwazi, nayo yalitosha kwa kazi aliyopewa. Wenye kulaumika ni wanaochukua fomula na kuyaacha masharti.

Katika maisha ya nyumbani, Erlang hakuoa. Alikuwa mkimya na mwenye staha, mtu wa kutoka na vitabu kuliko na watu, na alikusanya maktaba kubwa ya hisabati, falaki na fizikia. Dadake Ingeborg alianzisha makao ya wanawake waliougua akili, na Erlang alimuunga mkono.

Wahitaji waliijua njia ya kuelekea kwake. Walikuja hadi maabarani kumwomba msaada, naye alikuwa akiwapa kwa siri, bila kuitangazia dunia. Haya tunayajua kwa sababu wenzake wa kazini waliyaona na kuyaandika baadaye.

Aliitumikia kampuni hiyo kwa karibu miaka 20, na inasemekana katika kipindi hicho chote hakukosa kazi kwa sababu ya ugonjwa. Mnamo Januari 1929 aliugua tumbo, akapelekwa hospitalini kufanyiwa upasuaji. Aliaga dunia Februari 3, 1929, akiwa na umri wa miaka 51.

Heshima kubwa zilikuja baadaye. Mnamo 1946 kamati ya kimataifa iliyoshughulikia simu iliamua kwamba kipimo cha mzigo wa simu kiitwe erlang. Miaka miwili baadaye, kitabu kilichokusanya maisha na kazi zake kilichapishwa Copenhagen, na kwa mara ya kwanza wasomaji wa nchi nyingine wakapata kazi hizo zote mahali pamoja. Rununu zilipoingia, wahandisi walitumia fomula yake kukadiria ni watu wangapi wanaoweza kuzungumza kwa pamoja chini ya mnara mmoja.

Wakati huo huo wazo la kuunda wapigaji wasiokuwepo lilikuwa limeanza kukomaa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Leendert Kosten wa Uholanzi aliandika kuhusu kupima msongamano kwa kutumia simu za kubuni, ambazo hupigwa na bahati nasibu badala ya watu. Katika miaka ya 1950 jaribio la namna hiyo lilikuwa likifanywa kwa tarakilishi nchini Uswidi. Kwa njia hiyo mtambo uliweza kulemewa pasipo mteja yeyote kukatiwa simu.

Ni Uswidi pia, katika kampuni ya Ericsson, ambako lugha ya tarakilishi yenye jina lake ilianza kubuniwa mnamo 1986 kwa ajili ya mitambo ya simu. Ilitolewa bure kwa umma mnamo 1998. WhatsApp, ambayo hapa kwetu imegeuka kuwa baraza la ukoo, la harambee na la wazazi wa wanafunzi, ilijengwa juu ya lugha hiyo, na mnamo 2012 wahandisi wake walitangaza kwamba seva yao moja ilikuwa imehimili miunganisho zaidi ya milioni mbili kwa wakati mmoja.

Miongoni mwa programu zilizoandikwa kwa lugha hiyo imo Tsung, ambayo kazi yake ni kuzalisha wateja bandia na kuwatuma kwenye seva ili kuipima nguvu. Mwendeshaji huipa wastani wa muda kati ya mteja mmoja na anayefuata, nayo haiwatumi kwa vipindi sawa kama askari wa gwaride. Huwatuma bila mpangilio wa kutabirika, wakati mwingine wawili kwa mpigo, wakati mwingine kimya cha muda mrefu, kwa kufuata mgawanyo ule ule wa Poisson ambao Erlang aliuthibitisha kwa wapigaji simu wa Copenhagen mnamo 1909.